Pengo Baada ya Ubeti wa Pili

Mpendwa Mama Romana,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na ninaomba haraka maana Jumapili ya Mavuno iko karibu, na jambo lenyewe ukilisikia unaweza kucheka ukasema huyu mama wa Babati hana shida, wenzake wanalia na foleni ya sabuni yeye analia na alama za kwenye karatasi, lakini nakusihi usome mpaka mwisho, kwa sababu alama hizo zimenitenga na mume wangu ndani ya nyumba moja na zinaelekea kumwaibisha mtu ambaye hajanikosea chochote.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi moja hapa mjini, tunaishi Nakwa, na mume wangu Paskali, Baba Teodori kama nimwitavyo nyumbani, ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye pia anayefundisha kwaya ya kigango chetu. Kutunga nyimbo amejaliwa, sitamnyima sifa yake, ila ana ugonjwa mmoja, hawezi kuuacha wimbo utulie, leo kabadilisha neno, kesho kaongeza mstari, Jumamosi jioni kafuta aliouongeza, na mimi ndiye ninayepiga chapa na kudurufu karatasi za wanakwaya kwa ruhusa ya mkubwa wangu wa kazi. Zamani kila akibadilisha ilikuwa vurugu, nusu ya kwaya wameshika karatasi mpya na nusu ya zamani, na kuna mazishi tuliyoimba upande mmoja ukasema "pumzika" na upande wa pili ukasema "amka", ndugu wa marehemu wakageuka wote kututazama.

Hapo ndipo rafiki yangu Genoveva wa Singe, aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza, aliponiambia, "Mektilda, kwa nini usituwekee alama pembeni? Wimbo tunaujua kwa kichwa. Sisi tunataka kutupa jicho tu tujue mstari upi umeguswa." Tukakaa jikoni kwake tukabuni. Miaka ile kila kitu kilikuwepo, penseli za rangi ulikuwa unanunua kama unavyonunua kiberiti, basi ukingoni mwa karatasi nikawa naweka kijani kwa mstari mpya, bluu kwa mstari uliobadilishwa, na nyekundu pale palipoondolewa kitu. Tulichora huku tunakunywa chai, na Genoveva alikuwa anamimina sukari bila kutazama, anaongea na wewe usoni huku mkono unamimina, hakuna kijiko cha kupimia wala jicho la kuchunga, na nguo zetu zinanukia sabuni, hata za watoto, hata za kazi. Mama Romana, siku hizi nafua kwa majani ya mpapai, na nikiukumbuka mkono ule nalia kabisa, sikufichi.

Sasa katika rangi zile kukawa na mtu mmoja anakosea kila Jumapili, naye ni Kasimiri, mumewe Genoveva, besi yetu. Mstari mpya anauruka, ulioondolewa anauimba kwa nguvu zote, tukadhani ni ukaidi, kumbe nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, na mwenyewe hakuwa anajua mpaka mkewe alipomtuma bustanini akachume nyanya zilizoiva, akarudi na kikapu nusu ni mbichi. Genoveva hakumcheka. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo akasema rangi tuziache, tutumie maumbo. Mstari mpya tukauwekea kiduara, tukakiita mgeni. Mstari uliobadilishwa tukauwekea kijiti kimesimama kando yake, tukakiita kiraka. Kazi ikawa kwa mstari ulioondolewa, maana mgeni ana mstari wake wa kukaa naye, kiraka vilevile, lakini alama ya kitu ambacho hakipo utaiweka wapi? Tulihangaika mpaka akatokea Noonkipa, dada wa Kimasai anayeimba sauti ya pili, na wewe unajua wenzetu hung'oa meno ya chini ya mbele tangu utotoni. Tulipomweleza alicheka mdomo wazi akasema, "Mnasumbuka na nini? Pengo langu hili liko katikati ya meno. Nani aliniona akasema hapa hapajawahi kuwa na jino?" Basi tukaiweka hapo hapo, kati ya mstari na mstari, pembetatu ndogo ambayo ncha yake inatazama ndani, hivi:

▷

Tukaiita pengo, na toka siku ile Kasimiri hakukosea tena. Tena penseli zilipoadimika madukani sisi hatukutikisika, kwa sababu maumbo nayakata kwenye stensili yenyewe, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwa kalamu ya chuma, hayahitaji rangi ya mtu.

Mwaka juzi Genoveva alifariki kwa homa. Kasimiri akawa mtu wa shambani tu, mazoezini haji, anakuja Jumapili kwa miguu kutoka Singe, anapokea karatasi yake mlangoni, anatazama ukingo, anaimba. Na mimi, kwa kuwa yule wa kunizuia hayupo, nikaendelea kubuni peke yangu. Nikaweka alama ya mstari ambao padre hajaupitisha, alama ya mstari uliobadilishwa kisha ukarudishwa ulivyokuwa, na nyingine ya mstari ambao Paskali mwenyewe bado hana hakika nao, ukingo ukajaa kama njia ya siafu, wanakwaya wakachoka wakaacha kuutazama. Wote isipokuwa Kasimiri.

Sasa nifike kwenye donda lenyewe. Tuna Wimbo wa Mavuno ambao huimbwa kila mwaka, na ubeti wake wa tatu aliutunga Genoveva, mwaka ule mahindi yalipokosa pa kuwekwa hata watu wakayalaza barazani. Mstari wa kwanza besi huuanza peke yake, yaani Kasimiri, halafu kwaya nzima inampokea. Unasema hivi:

Ghala limejaa, Bwana, hakuna wa kulia njaa,
Sukari ya mgeni ipo, sabuni ya Jumapili;
Mlango wetu u wazi, aingiaye atakaa,
Kikombe chake kikiisha tutamimina cha pili.

Mwaka huu tulipoufikia mazoezini mtu mmoja akasema, "Tukiimba hivi Jumapili, Jumatatu tunapekuliwa!" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, maana unajua msako wa wahujumu uchumi ulivyo, mtu akiwa na sabuni za ziada anazichimbia shimo, na sisi tunatangaza kanisani kwamba ghala limejaa. Halafu kicheko kikaisha, nikaona akina mama wanafuta macho kwa upindo wa kanga. Paskali hakucheka wala hakulia. Yeye ni mwalimu, mkate wake ni wa serikali, na siku ya Mavuno viongozi wamealikwa. Akasema ubeti wa tatu unatoka. Mama Romana, kwa hilo sikumlaumu.

Kilichonichoma ni alichoniambia tulipofika nyumbani. "Na pengo usiweke. Sitaki mgeni wa heshima ashike karatasi aulize hapa paliondolewa nini. Alama zako zimetuchosha zote. Ukingo uwe mtupu." Nikamwuliza, "Kasimiri je, Baba Teodori?" Akasema, "Atasoma." Nikamwambia Kasimiri hasomi mistari, anasoma ukingo, na ukingo mtupu kwake maana yake ni imba kama tulivyozoea, na ubeti ule anauanza peke yake. Akajibu, "Ataona wenzake wamepita, atanyamaza." Nikasema basi nishuke Singe nikamweleze. Akakataza, ati Kasimiri akijua mapema kwamba ubeti wa mkewe umeondolewa atasusa, na besi nyingine hatuna. Nilipozidi kumbana akanimalizia, "Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama Romana, maneno yale yaliniingia kama mwiba, nikakaa jikoni mpaka ugali ukaungua.

▷

Stensili imebaki hii moja, na hapa mjini nimeuliza kila ofisi, hakuna. Dawa ya kuziba makosa ilikwisha zamani, ukishakata umekata. Beti zote nimeshapiga chapa, nimebakiza ule upenyo mdogo baada ya ubeti wa pili, na kalamu ya chuma ninayo hapa mezani ninapokuandikia. Nikimtii mume wangu, Kasimiri atasimama mbele ya kanisa zima na wageni, atatoa sauti yake peke yake kuimba maneno ya marehemu mkewe huku wenzake wameshaingia ubeti mwingine, na watu watacheka. Nikikata alama nitakuwa nimemvunjia mume wangu neno lake, na hofu yake si ya uongo, naijua, hata mimi naogopa. Nifanye nini?

Mpiga Chapa,
Babati, Mkoa wa Arusha


MAMA ROMANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha. Mji sikuubadilisha, kwa kuwa mji unaokosa sukari siku hizi ni wowote, hakuna atakayewatambua kwa hilo.

Nilicheka sana kwenye mazishi ya "pumzika" na "amka", na kicheko kikanikauka nilipofika kwenye mkono unaomimina bila kutazama. Na mimi nilikuwa na dada wa namna hiyo. Nyumbani kwangu kuna karatasi ya sabuni, karatasi tu, sabuni yenyewe iliisha tangu lini, nimeikunja katikati ya kanga zangu, na siku nikizidiwa naifungua nainusa. Kwa hiyo usidhani unamwandikia mtu wa mbali. Tumeshalia pamoja, sasa tuseme.

Nitaanza na wewe. Alama zenu tatu zilikuwa kazi safi, nawapa heko wote, pamoja na yule dada mwenye pengo lake. Ulipobaki peke yako ukaziharibu. Mstari ambao padre hajaupitisha unaupelekaje kwa wanakwaya? Ngoja aupitishe ndipo uuchape. Na mstari ambao mumeo hana hakika nao ni shauri lake na mto wake wa kulalia, kwaya inahusika wapi? Anayepiga yowe kwa kila panya, siku ya simba hakuna atakayetoka nje. Mumeo aliposema alama zimewachosha alisema kweli, na wewe unajua, ndiyo maana ilikuuma. Nadhani pia ulikuwa unaongeza alama kwa sababu kubuni alama ndiyo ilikuwa njia yako ya kukaa na Genoveva jikoni. Naelewa. Lakini zifute. Rudi kwenye tatu zenu, na mstari ambao haukuguswa usiuwekee kitu.

Sasa Baba Teodori. Hofu yake siidharau. Mwaka huu hata mwenye kilo mbili za sukari analala jicho moja wazi, sembuse mwalimu anayewasimamisha watu waimbe ghala limejaa mbele ya viongozi. Ubeti uondoke. Genoveva aliyeacha rangi zake zote kwa ajili ya macho ya mumewe angeuondoa mwenyewe, tena kabla hajaombwa.

Ila hapo kwenye ukingo mumeo amepotoka, na amepotoka vibaya. Kuondoa ubeti ni haki ya mwenye wimbo. Kuficha kwamba ameuondoa si haki yake. Miaka yote hiyo mmemfundisha Kasimiri kwamba ukingo ukiwa mtupu basi hakuna kilichoguswa. Yeye ameamini, na kwa imani hiyo anakuja kwa miguu kutoka Singe. Leo mkimpa ukingo mtupu mnamdanganya, tena kwa lugha ambayo mkewe ndiye aliyeitunga kwa ajili yake. Hamwoni haya?

Na hofu yenyewe ya mgeni wa heshima, hebu tuipime. Mgeni huyo anajuaje kwamba pembetatu ni pengo? Nani alimfundisha? Ataona kitone cha wino, atadhani ni uchafu wa mashine, na siku hizi karatasi isiyo na uchafu wa mashine iko wapi? Alama ile inasomwa na wanakwaya tu. Mumeo anaogopa kusomwa na mtu asiyejua kusoma lugha yenu, na kwa hofu hiyo yuko tayari kumfunga kitambaa machoni yule mmoja anayeijua vizuri kuliko wote.

Na ile methali airudishe alikoitoa. Asiyekuwepo na lake halipo ni ya mtu aliyechelewa nyama ikagawanywa. Marehemu hakuchelewa.

Basi fanya hivi. Usikate kwa siri. Mke akikata alama kwa kujificha, na yeye atakuwa ameficha, mtakuwa wawili. Mchana kweupe, chakula kikiwa kimeshaliwa, ketini na stensili hiyo mezani. Mwambie alama zote nyingine unaziacha, umemsikia, ukingo utakuwa mtupu kama alivyotaka isipokuwa mahali pamoja. Ukimpa hilo kwanza utaona mabega yanashuka. Kisha mpe kalamu ya chuma akate pengo kwa mkono wake. Wimbo ni wake, na mwenye kuondoa ndiye aweke alama kwamba ameondoa. Akikataa, kata wewe, mbele yake, bila ugomvi, umwambie hili nimelifanya nikiwa macho na wewe ukiwa macho.

Hujamaliza. Alama humwambia mtu kwamba kuna jambo, haimwambii kwa nini. Usimwachie pembetatu kazi ya mdomo. Kabla ya Jumapili mshuke Singe, nyote wawili, si wewe peke yako, na mumeo ndiye aseme. Aseme, "Kasimiri, ubeti wa mama watoto nimeuondoa mwaka huu kwa sababu naogopa." Neno naogopa asiliruke, ndilo litakalofungua mlango. Mnasema atasusa. Na asuse, mtu mzima ana haki ya kususa baada ya kuambiwa. Lakini mimi nimewaona wanaume wa aina yake, na nadhani atawavutia vigoda, kisha atawauliza kama mmekula. Sukari haitakuwepo. Kunyweni hivyo hivyo. Na mkishakunywa mwombeni auimbe ubeti ule hapo uani kwake, mara moja, hakuna kiongozi wala mgeni, mumpokee kama zamani. Ubeti haukufutwa, umepumzishwa. Siku sukari itakaporudi mtauweka tena mahali pake, na pembeni utauchorea kiduara, mgeni amerudi nyumbani.

Wakati tunaisubiri siku hiyo, mimi nimeuchapa mzima hapo juu. Anayetaka kuja kupekua kabati langu aje. Atakuta karatasi ya sabuni.

Neno la mwisho. Barua yako ilikuwa ndefu, na karatasi za gazeti zimekuwa haba kama stensili zako, kwa hiyo mhariri alinitaka nipunguze mahali. Nilipunguza mahali pamoja tu, pale baada ya ugali kuungua, ulipoandika kwa hasira mambo ya mumeo ambayo ukiyasoma gazetini utajuta. Hayo ni ya chumbani. Lakini sikupaacha hivi hivi. Nilimwambia fundi wa chapa aweke pale pembetatu ndogo, ncha itazame ndani. Akaniuliza ni ya nini, nikamwambia we weka tu.

Hakuna mwingine nchi hii atakayeijali. Ila mumeo ni mwalimu, gazeti analisoma, na akifika pale atasimama. Hatakuwa na amani mpaka ajue palikuwa na nini. Atakuja kukuuliza, Mektilda, na hapo atakuwa amesimama hasa alipotaka kumsimamisha Kasimiri, mbele ya kitu kilichoondolewa bila yeye kuambiwa.

Akishakuuliza, mpe kalamu.